Jino Lililochimbuliwa Uthiru

Alhamisi jioni

Mikono ya Mama Auma ilikuwa baridi kama maji. Bado naisikia.

Binti yake Auma alitoka nyumbani kwao Kabiria miaka minne iliyopita, hakurudi. Tangu mafundi wachimbue mifupa ya mtu kule Uthiru, mama huyu hajalala. Mifupa ilisagika mno, haikutuambia ni ya mwanamke au mwanamume. Nikabaki na jino moja.

Leo, maabarani, nimepata ndani yake protini ambayo wanawake hawana. Nimerudia kipimo mara tatu, kwa woga.

“Mama, huyu alikuwa mwanamume.”

“Kwa hivyo si Auma?”

“Si Auma.”

Akalia, akacheka, akanishika mikono. “Niandikie kwa karatasi, daktari. Nimwonyeshe baba yake.”

Nikamwandikia. Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza, “Sasa yeye yuko wapi?” Jino haliwezi kuniambia hilo.

Nilidhani ningefurahi. Nimefurahi, kidogo. Lakini mwanamume huyu naye ni mtoto wa mtu, na mamake hajui bado kwamba anapaswa kuja kwangu.