Kambale Aliyebaki Kwenye Mgono wa Baba

Barabara ya Nane,
Ulyankulu, Tabora.
17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Xavery,

Marahaba! Najua hujaniamkia, lakini shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaificha, maana siku hizi umekuwa mtu wa kuficha hata salamu. U mzima? Unakula? Baridi ya Ayalandi bado inakukaza mgongo? Sisi huku tunajikongoja. Mama anaamka, anafagia uwanja, kisha anakaa palepale na ufagio wake mkononi. Mvua za kwanza zimenyesha na tumeanza kupanda mahindi.

Nimekupigia mpaka nimechoka. Simu inaita, inaita, hupokei. Basi nimeona nikuandikie kwa kalamu kama watu wa zamani, nimpe Sista Bernadeta anayekuja masomoni huko kwenu, ataitia posta akifika. Simu unaweza kuizima. Barua, bwana mdogo, utaizimaje?

Baba tulimzika vizuri. Wewe uliona kwenye kioo cha simu, lakini kioo kile kinaonyesha kidogo. Hukuwaona wavuvi wenzake wa mto Igombe walivyolibeba jeneza kutoka kanisani, wakikataa kabisa kupokewa. Fundi Sadiki alilichonga kwa mninga mtupu, na alipoulizwa ujira alikasirika. Watu walitoka mpaka Kaliua. Baba yetu alikuwa na watu, Xavery, sikujua kama alikuwa na watu kiasi kile.

Najua pia kilichokunyamazisha. Mume wangu Valentino alikuwa amekushika pale juu ya kaburi ili uone udongo ukitiwa, nawe umevaa shati lako la kazi, unalia. Baba mdogo Bernardo akampokonya simu, akakuambia mbele ya umati wote kwamba mtoto anayemzika baba yake kwa simu asikanyage tena uwanja huu. Akakuzima. Ukali wake nimekua nao, lakini siku ile ulipita mipaka. Tulimweleza kwamba kibali chako kilikuwa bado kinashughulikiwa, kwamba ukitoka huko mlango unafungwa nyuma yako, na kwamba dawa zote za baba zilikuwa zikipitia mlango huohuo. Wapi! Baba mdogo akishakasirika, heri uongee na kinu.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Unakumbuka siku ulipompigia baba ukamsimulia habari za samoni? Ulisema umesimama ndani ya mto Moy, maji mpaka magotini, na yule mzee unayemtunza amekaa ukingoni kwenye kiti chake cha magurudumu, anakuelekeza kwa bakora. Ukampata samaki mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kisha ukamrudisha majini, eti ndiyo sheria ya mto kwa msimu ule. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Umemshika kwa mikono yako, ukamwachia? Mwanangu, nani kakuroga?" Mimi nikadakia kwamba hukupata kitu, ni porojo za wavuvi tu, na wavuvi wa dunia nzima ni ndugu.

Ndipo ukatueleza kwamba samoni huzaliwa mtoni, huenda zake baharini akakaa huko miaka, halafu hurudi kuzaa kwenye mto uleule. Baba akaisogelea simu. Kisha akauliza, "Njia anaijuaje?" Ukamwambia wataalamu wanasema ni harufu ya maji ya kwao. Ee bwana, tangu siku ile hatukupumua! Hata alipolazwa, muuguzi akija na sindano, kwanza asimuliwe samaki wa Xavery.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo akayaanza tena maneno yake juu yako. Mama tangu mazishi hakuwa amefungua kinywa. Akainua kichwa, akamwuliza taratibu, "Bernardo, baba yenu alizikwa na nani?"

Habari ile unaijua, ingawa nyumbani hatukuwa tukiigusa. Mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia kutoka Burundi, baba alikuwa mvulana tu, akavuka Malagarasi amembeba Bernardo mgongoni. Babu alibaki ng'ambo. Hakuna hata mmoja wao aliyemtilia udongo, na kaburi lake mpaka leo hawajui liko wapi. Baba mdogo aliinuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake, na chakula alichopelekewa hakukigusa.

Kesho yake akaniita twende Igombe tukautoe mgono wa baba, ule mtego wake wa mwisho. Aliutega kabla hajazidiwa, na katika purukushani za msiba tuliusahau. Mto umeanza kujaa, maji mekundu. Tukavuta, mgono mzito. Kumbe ndani mna kambale, mkubwa, hai kabisa. Unawajua kambale kwa roho ngumu. Mimi mawazo yalikuwa kwenye sufuria, maana wageni bado walikuwepo na ugali tulikuwa tunaushushia mlenda tu.

Baba mdogo akachuchumaa, mgono mapajani.

"Recheli, yule samaki wa Xavery, hurudi kweli?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hata akikaa miaka?"

"Hata akikaa miaka."

Akautazama mto. Akasema maji haya mwisho wake ni Malagarasi. Kisha akaufungua mgono, akauinamisha majini. Kambale akasita kidogo, akapiga mkia, huyo! "Genda amahoro," baba mdogo akamwambia kwa Kirundi, nenda kwa amani. Halafu akalia, Xavery. Bernardo huyuhuyu, suruali imelowa mpaka kiunoni, analia kama mtoto anayemwita kaka yake. Nami nikalia. Kitoweo kimekwenda, baba amekwenda, na wewe uko huko hupokei simu. Nakuambia ukweli, sijawahi kuwa na uchungu kama wa asubuhi ile.

Mgono baba mdogo ameuosha mwenyewe, ameuning'iniza kwenye boriti ya jikoni. Tulipogawana vitu vya baba, ndugu mmoja alitaka kuuchukua. Yeye akamtazama jicho moja tu, yule ndugu akachukua jembe.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Valentino anakusalimu, na shangazi Tekla, na wavuvi wote. Msalimie mzee wako wa bakora. Mwambie baba alimpenda bila kumwona. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akufungulie mlango wa kutoka na wa kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Recheli

Nilikwisha kuigundisha bahasha, baba mdogo amenifanya niichane. Anasema niongeze kwamba kaburi halina miguu, litakungoja. Amenunua laini ya simu. Ukiona namba usiyoijua inakuita Jumapili baada ya misa, ni yeye. Pokea.