Gia ya Mbele ya Baiskeli ya Daktari

Garissa, Ijumaa

Kaka yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta kibandani kwako u mzima, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Ile dawa anaipaka kweli, au kaiweka juu ya kabati aitazame? Mimi mwili sijambo. Moyo ndio mzito, na nakueleza wewe kwa sababu wewe ni fundi wa baiskeli, na hapa sina tena wa kumuuliza.

Daktari wetu Mzungu alipoondoka alituachia baiskeli yake ya mashindano. Ungeiona ungecheka: matairi membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Kwenye pedeli ina duara mbili za meno, kubwa na ndogo, na juu yake kuna kidude chenye vibamba viwili vinavyosukuma cheni kutoka huku kwenda kule ukivuta kijiti. Tunaitumia kwa sababu gari haliruhusiwi kutoka mjini bila wanajeshi, kwa hofu ya mashifta, waasi wa huku, na mabomu ya barabarani. Na wanajeshi hawapatikani kila tukiwahitaji. Huko upande wa juu wa mto watu wamekusanywa katika kijiji kimoja ndani ya uzio wa miba, na wagonjwa wao ni wetu.

Aliyeijua baiskeli hiyo ni Warsame, dresa mwenzangu wa kufunga vidonda wodini, Msomali wa hapa hapa. Alijifunza kwa daktari. Nikishika bisibisi hunikamata mkono: "Bole bole, Athmani. Hii skurubu nazuia cheni isianguke ndani. Hii nyingine nazuia isitoke nje."

Wiki iliyopita asubuhi wanajeshi walikuja wodini wakamtaka. Alikuwa akichemsha sindano. Akavua aproni, akaikunja, akaniambia, "Narudi sasa hivi. Angalia maji yasikauke." Hajarudi. Nilikwenda kambini kumuulizia. Askari wa langoni akanitazama kofia yangu, akaniuliza, "Na wewe ni Msomali?" Nikamwambia natoka Malindi. "Basi rudi kazini kwako kabla hujawa Msomali," akasema, na wenzake wakacheka. Nikarudi, kaka. Ningefanya nini?

Juzi ikaja habari kutoka kile kijiji cha uzio kwamba binti yake Warsame, Sahra, anayeanza kusimama dede, anaharisha na kutapika tangu usiku. Nikafunga chupa za maji ya mshipa kwenye mfuko nikatoka. Cheni ilikuwa inakwaruza kibamba, nami nikadhani nikilegeza skurubu ya ndani itatulia. Ilitulia kidogo. Nilipofika penye kilima cha kokoto nikavuta kijiti nipate meno madogo, cheni ikaruka, ikadumbukia kati ya meno na fremu, ikanasa pale kama imechomelewa. Nikaipindua baiskeli, nikavuta kwa vidole, kwa kipande cha mti, kwa shati. Pedeli haikwenda mbele wala nyuma. Mikono ilijaa grisi na damu.

Nikaibeba begani nikaanza kutembea. Ndipo doria ikanikuta.

"Unakwenda wapi na kafyu inakaribia?"

"Kuna mtoto mgonjwa kijijini, afande. Chupa hizi hapa."

"Utapeleka kesho."

"Kesho itakuwa kuchelewa."

Afande hakunifokea. Alinionea huruma hata, na hilo liliniuma zaidi. "Dresa," akasema, "nikikuacha ukauawa, nitaulizwa mimi." Wakanipandisha nyuma ya lori pamoja na baiskeli, tukarudi mjini.

Kesho yake nilipanda gari la maji lililokwenda na ulinzi. Sahra walikuwa wameshamzika alfajiri. Mama yake, Halima, alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa cha mtoto magotini. Nikampa pole. Hakuniuliza kwa nini nilichelewa. Aliniuliza, "Warsame najua?" Nikasema sijui kama anajua. "Wewe nakaa mjini. Tafuta yeye, mwambie." Nikaitikia ndiyo, kaka, na yeye aliona kwamba sina njia.

Jana hiyo hiyo, niliporudi mchana, niliikalia baiskeli barazani mpaka nikaielewa. Kidude kilikuwa kimezunguka kwenye bomba la fremu kilikofungwa. Nikakilegeza, nikakiinua mpaka kibamba cha nje kikapita juu ya meno makubwa kwa upenyo mdogo tu, nikakinyoosha sawa na duara, nikavuta waya, kisha zile skurubu, bole bole. Hivi sasa cheni inapanda na kushuka bila kelele. Kama nimekosea popote niandikie, ingawa sijui itanifaa nini: leo asubuhi imetoka amri kwamba hakuna baiskeli kupita kizuizi cha mjini, kwa maana mashifta nao wanazipanda. Basi imeegemea ukuta wa wodi, imetengenea, na wagonjwa wako kule.

Nisalimie shemeji Mwanaisha, na mjomba wetu wa mashua, na shangazi anayetuuzia mikate. Mama msomee mwanzo mpaka pale pa kabati, kisha mwambie nala vizuri. Ya Sahra yabaki kwako. Na msikitini, ukifika kwenye dua, mtaje Warsame kwa jina, na Halima pia, maana mimi kila nikianza kuwaombea naona aibu kana kwamba naomba nisamehewe mimi.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Athmani