Bendera ya Kijapani Ukutani Kwetu

Nebraska, Machi 1946

Shemeji Orville,

Hatujambo. Kuku wameanza kutaga, na binti yetu Nelda ameota jino. Ile bendera ya Kijapani aliyorudi nayo mume wangu Clyde kutoka vitani bado iko ukutani. Majirani wanakuja kuitazama. "Shujaa, hiyo ulimpora nani?" wanamtania, naye anacheka.

Jana niliona, katikati ya maandishi ya wino yaliyojaa kwenye bendera hiyo, alama ya kiganja cha mtoto mchanga. Nikamwuliza Clyde.

"Ndiyo maana simshiki Nelda," akasema. "Mikono hii imemuua baba wa mtoto huyo."

Miezi minne hajamgusa, shemeji. Nimeshindwa. Wewe na yeye mlipigana pamoja kisiwani, na wanao unawabeba. Tafadhali njoo Jumapili, umpakate Nelda mbele yake, aone kwamba mtoto hachafuki.

Shemeji yako,
Verna