Mmesikia Huko Nyuma?

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na zitakazobaki ziweke akiba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkono wako haujachoka, na wateja wako wanaondoka wakijitazama kwenye kila dirisha wanalopita. Mimi sijambo. Baba hajambo pia, ila magoti yanamsumbua akiinama sana kisimani, na ukimuuliza anasema ni viatu. Mama alipiga simu Jumapili. Anasema baridi ya huko aliko imemfundisha kuvaa soksi mbili mbili, na wagonjwa wa wodi yake wamemzoea mpaka wanagoma kumeza dawa akiwa mapumzikoni. Dada zetu mapacha nao ni wazima huko kwa waume zao. Wa kwanza mtoto wake ameota jino, na wa pili bado anagombana na shemeji kuhusu rangi ya mapazia.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Unanijua, kwenye simu maneno hunikwama, mtu akisema "haloo" mara ya pili nakuwa nimeshasahau nilichotaka. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri.

Habari kubwa ya nyumbani ni gari. Lile letu la zamani limekufa, na safari hii limekufa kweli, si kama zile nyakati ambapo baba alikuwa analipiga teke na linafufuka. Injini ilipasuka akiwa njiani na pampu mbili mpya. Akarudi nyumbani amepakiwa kwenye trekta la watu, uso umejaa vumbi. Gari lenyewe fundi alilinunua kama chuma chakavu. Siku walipokuja kulivuta nilikuwa shuleni, na nilishukuru kwa hilo. Nilipofika niliona tu doa la mafuta pale lilipokuwa linasimama. Baba ameliwekea ndoo juu, nafikiri ili asilione.

Basi tukaanza kutafuta gari jingine. Mimi nilidhani atachukua pikapu, maana mtu wa pampu za visima anahitaji mahali pa kutupia mabomba. Hata msaidizi wake, yule tunayemwita Mipira kwa kuwa kila siku ana mipira ya maji begani, alimwambia wazi kwamba pikapu ndiyo mpango mzima. Mama naye kwenye simu akacheka, akasema tuchukue kagari kadogo tu, mko wawili, mnataka kubeba kijiji? Baba akawasikiliza wote kwa adabu, kisha akasema anataka gari la dizeli, gumu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na liwe la watu saba. La watu saba, kaka. Siku hizi tunaosha vikombe viwili.

Kwenye yadi ya magari aliyaona mawili yaliyompendeza, moja jeupe na jingine la kijani. Yanafanana umri na yanafanana ubishi. Jeupe limebeba tairi la akiba mlangoni kwa nyuma, na kila fundi wa mjini analijua kama anavyoijua njia ya kwao, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui. La kijani liko juu zaidi kutoka ardhini, lingevuka makorongo ya kule visimani bila kukwaruza tumbo, lakini tairi lake la akiba liko chini ya bodi, na ukipata pancha kwenye tope inabidi ulale chini kama nguruwe. Baba alipewa vitabu vya maelezo vya yote mawili, akanikabidhi, akaniambia mimi ndiye msomi wa nyumba, nimsomee.

Hapo ndipo nilipoanza kufurahi, na nataka ujue hilo kabla hujasoma yanayofuata. Tangu mlipoondoka wote, na bibi alipotuacha, jioni zetu ni za kijiko na kikombe. Baba anakunywa chai, mimi nasoma, saa ya ukutani inasema peke yake. Shuleni pia sina cha kusimulia. Mapumziko huwa naingia maktaba, na mtunza maktaba ameacha hata kuniuliza nataka nini. Lakini tulipopata vile vitabu, baba akawa anasogeza kiti chake karibu na changu kila jioni. Nikimsomea namna ya kuingiza gia ya nguvu, ananionyesha kwa mkono hewani. Nikimsomea kina cha maji ambacho gari linaweza kuvuka, ananisimulia mto aliowahi kuvuka akiwa kijana, abiria wakiwa wamepanda juu ya paa wakimtukana. Sikujua baba ana hadithi. Wewe ulijua?

Nikatambua kwamba siku nitakayosema lipi ni bora, kiti kitarudi mahali pake. Kwa hiyo nikawa nachelewesha. Akielekea jeupe, namkumbusha kwamba la kijani liko juu. Akielekea la kijani, namkumbusha habari ya kulala kwenye tope. Muuzaji wa yadi, jamaa anayevaa miwani ya jua hata ndani ya ofisi na kumwita kila mtu bosi, alituchoka. Siku moja aliniangalia mimi, akamwangalia baba, akatazama vile viti vyote, akauliza kwa kejeli: bosi, gari la watu saba, hao watu wenyewe wako wapi? Baba akamjibu bila kugeuka kwamba wako njiani.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kuyajaribu. Baba akasema kuna jambo moja ambalo vitabu haviwezi kumwambia. Akanifungulia mlango wa nyuma, akaniomba nikakae safu ya mwisho kabisa, pale petu mimi na wewe. Nikamuuliza kwa nini nisikae mbele naye. Akasema gari ambalo dereva hasikiki nyuma si gari la familia, ni lori la magunia.

Unakumbuka alivyokuwa kwenye lile gari letu la zamani. Mama mbele kando yake, bibi dirishani na mapacha wakimbana, sisi wawili nyuma tukirushwa kama viazi. Baba akishamaliza kutoa maagizo yake, kwamba tusitoe mikono nje, kwamba tukifika tusalimie kwanza ndipo tuombe maji, alikuwa anauliza kwa sauti, "Mmesikia huko nyuma?" Nasi tunapiga kelele, "Tumesikia!" hata kama tulikuwa tunapigana na hatukusikia lolote. Mwenye kuchelewa kujibu ulikuwa wewe.

Tulianza na jeupe. Muuzaji alibaki yadini, sisi tukashika njia ya mawe inayokwenda machimboni. Kaka, kelele za injini ile! Mbele yangu kulikuwa na viti vitupu, mikanda yake ikigongagonga, na mbali kabisa kisogo cha baba na kofia yake. Niliona kichwa kinageuka kidogo, nikaona shavu linacheza, lakini sauti haikunifikia. Mara gari likasimama kwa ghafla. Baba akashuka, akazunguka mbio, akafungua mlango wa nyuma, na uso wake sitausahau. Alikuwa ameniuliza mara nyingi na hakujibiwa. Nilimwambia sikusikia kitu. Akashusha pumzi, akasema basi, hata haya ya dizeli yote ni mamoja, twende tulijaribu lile jingine kwa kutimiza wajibu tu.

La kijani halikuwa hivyo. Injini yake inanguruma chini chini, kama mtu anayesafisha koo msikitini au kanisani, hataki kusumbua. Nyuma kule nilisikia kila kitu. Nilisikia baba anapiga mluzi. Nilisikia anavyoilaumu gia. Kisha akaanza kusema, si kwa kunisemesha mimi. Alikuwa anasema na kiti cha pembeni yake, taratibu, akiamini kwamba huku nyuma hakuna anayemsikia.

Alikuwa anasema na wewe.

Sijui kama nina haki ya kukuandikia haya. Nimeyabeba wiki nzima, darasani, maktaba, njiani, na sina mtu wa kumwambia isipokuwa wewe ambaye yanakuhusu. Baba alianza kwa kulitaja jina lako la utotoni. Akaanza tena, safari hii kwa ukali, kama anavyoanza kila kitu, kisha akajikatiza mwenyewe akasema hapana, si hivyo. Akasema siku ile alikosea. Akasema alikutegemea wewe uje uzishike pampu baada yake, na uliposema unataka kuwa kinyozi aliona kama umemwachia mzigo katikati ya njia, ndiyo maana akakucheka mbele ya wateja wake, eti kazi gani hiyo ya kushika vichwa vya watu. Akarudia maneno yale yale mara tatu, kila mara akiyapunguza ukali, kama mtu anayepiga msasa mbao. Mwishoni akayafikisha hapa, na haya nayaandika kama alivyoyasema: "Nilisema kushika vichwa si kazi. Basi changu hiki hapa, mwanangu. Kishike."

Kaka, hujui, lakini tangu uondoke baba hajaketi kwenye kiti cha kinyozi yeyote. Mipira alijaribu kumpeleka kwa jirani yetu wa pale kona, akasema ana haraka. Nywele akizidi kuzichoka anazikata mwenyewe kwa mkasi wa kukatia mipira ya maji, bila kioo, na zinatoka kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Ndiyo maana hiyo kofia haivuliwi, hata mezani. Mimi nilidhani ni uzee.

Baada ya hapo akakohoa, akainua sauti, akauliza, "Mmesikia huko nyuma?" Nami sikujibu. Niliona kwamba nikijibu atajua nimesikia yote. Akauliza tena. Nikatazama nje ya dirisha. Aliendesha hadi yadini, akamwambia muuzaji kwamba magari yote mawili ni viziwi, na kwamba atachukua jeupe kwa sababu ya vipuri.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa, jeupe, jeupe, na vitabu vikarudishwa rafuni, na kiti cha baba kikarudi mahali pake. Chai na kijiko. Nilikuwa namwangalia akinywa na kofia yake kichwani, nikijua kitu ambacho hajui kwamba nakijua. Upweke wa namna hiyo sikuwa nimeuonja. Kuwa peke yako ndani ya nyumba mtu anazoea. Kuwa na mtu, na kumsikia, na kujifanya hukumsikia, hilo sikuliweza.

Basi leo asubuhi, kabla hajatoka, nimemwambia. Nilianza na habari za urefu kutoka ardhini, yeye akasema hayo tumeshayamaliza. Nikasema tu kwamba lile la kijani, nyuma kunasikika. Aliweka kikombe chini. Akaniuliza kunasikika kiasi gani. Nikamwambia yote, baba. Mkono wake ukapanda kwenye kofia, ukaigusa, ukashuka. Nilidhani atafoka au atatoka nje. Badala yake akasema basi tutachukua hilo hilo la kijani, maana mambo mengine mtu hana nguvu ya kuyasema mara mbili.

Akaenda kazini. Sijui alimaanisha nini kwa hakika, lakini mimi nimeelewa hivi: hajaniruhusu nikuandikie, na hajanikataza. Kwa hiyo nimeketi hapa mezani, nimevaa sare, nimechelewa shule kwa mara ya kwanza maishani, naandika, ili barua ipande basi la leo.

Gari tunalichukua Jumamosi hii. Kabla hajatoka baba amesema lazima lifanyiwe majaribio ya safari ndefu, na alipotaja njia atakayotumia, ilikuwa ni njia ya mji wako. Amesema eti ni kwa sababu ina mawe mengi. Ukimwona usimwambie kwamba nilikuandikia. Unajua tu jinsi alivyo. Atasimamisha gari ng'ambo ya saluni yako, atazima injini, na hatashuka. Atajifanya anaangalia tairi kupitia kioo. Tafadhali usimsubiri ashuke. Toka wewe, hata kama una mteja nusu kichwa, na chukua shuka lako la kumfunika shingoni.

Nisalimie wenzako hapo kazini, na yule mzee wa jirani anayekuletea magazeti. Mapacha wanakusalimu, mama anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Baba hajatuma salamu. Anakuja nazo mwenyewe.

Mimi nitakuwa safu ya mwisho kabisa, upande wangu wa kushoto. Wako nimeuacha wazi.

Ni mimi mdogo wako,
Msomi wa Nyumba