Yai la Pili

Jumatano, 4 Machi

Nilimpoteza binti yangu jana alfajiri. Pacha wa pili. Alipumua kidogo tu, akaniacha. Kaka yake yuko kwenye mashine ya joto, kilo moja na robo, mkono wake haufiki unene wa kidole changu. Mume wangu analia. Mimi bado. Nauliza maswali tu — ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 6 Machi

Mama mkwe alikuja wodini. Hata msibani anajigamba: mapacha ni damu ya kwao, bibi yake alizaa wawili wawili, mara mbili. Wimbo huo nimeusikia tangu niolewe. Mwaka jana, kabla ya kunipa vidonge vya kupevusha mayai, daktari aliniuliza kama kwetu kuna mapacha. Nikasema: kwetu hakuna, kwa mume wangu wamejaa tele. Akacheka, akasema hao wa mume hawahesabiki, yai halitoki kwao. Akaniandikia dozi ya kawaida.

Kwetu hakuna. Nilivyosema kwa uhakika, utadhani nataja bei ya tofali kiwandani kwangu.

Jumapili, 8 Machi

Mama mdogo kaja na chupa ya chai. Akamtazama mtoto kupitia kioo, akasema damu hii haituachi, hata dada yangu, mama yako, alibakiwa na mmoja. Kisha akaziba mdomo.

— Mmoja yupi, mama mdogo?

— Aa, mwanangu, uzee huu. Nachanganya mambo.

Uzee gani? Gengeni kwake hajawahi kukosea chenji hata siku moja.

Mama ana watoto wawili. Mdogo wangu wa kike alizaliwa nyumbani, nami nikiwa mlangoni na beseni la maji. Alikuja peke yake. Nimebaki mimi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimembana daktari. Kaeleza taratibu. Kuna homoni inayotoka kwenye ubongo kuamsha mayai. Kwa kawaida moja hupevuka, mengine hunyauka. Homoni ikizidi, yanatoka mawili, kila moja na mbegu yake — ndiyo maana wanangu hawakufanana hata kidogo. Umri huipandisha, nina thelathini na nane. Vidonge huipandisha. Na kuna koo ambazo wanawake wake wamerithi hivyo tangu zamani.

— Ungejua ya kwetu, ungefanyaje?

— Ningeanza na nusu kidonge. Ningekupima kabla ya kuendelea.

Nikataka asilimia: umri ngapi, vidonge ngapi, ukoo ngapi? Akasema hesabu hiyo haigawanyiki, hata yeye hawezi kuapa kwamba nusu ingebadilisha kitu.

Kiwanda cha matofali nimekianza na koleo moja. Tofali likipasuka, najua ni mchanga, simenti au mvivu wa kumwagilia. Hili silijui. Najua tu kwamba niliulizwa, nikajibu uongo niliolelewa nao.

Jumatano, 11 Machi

Mdogo wangu kapiga simu, sauti inachekacheka. Kesho saa nne asubuhi yuko kwa daktari yuleyule, aanze vidonge vilevile. Akiulizwa atasema kwetu hakuna. Wangu, anasema, walikuwa wa vidonge tu. Nikamweleza alichoropoka mama mdogo, nikamwomba angoje kidogo.

— Miaka sita nimengoja, dada. Ningoje tena kwa porojo za mama mdogo?

Nikampigia mama. Nikamuuliza wazi: nilizaliwa peke yangu?

Nikasikia redio yake. Nikasikia akiizima. Kisha akauliza kama binti yangu nimempa jina. Nikasema bado.

— Usimpe, mwanangu. Ukimpa jina utamwita maisha yako yote.

— Umejuaje, mama?

Akaanza kunipa pole, akasema atamtuma mama mdogo.

Nikamwambia sitaki pole, sitaki mama mdogo awe mjumbe. Kwa nini alinificha, atanieleza akipenda, au asinieleze. Nataka ndiyo au hapana, kwa mdomo wake mwenyewe, kesho kabla ya saa nne, mdogo wangu hajakaa kwenye kile kiti cha daktari.