Nilimtafsiria Mke Wangu Uongo, Sasa Anataka Tuangalie Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaenda mbali niseme kwamba mimi si mtu wa kuandika magazetini, nina miaka sitini na nne, nimestaafu, nakaa hapa Same mjini, na wanaokuandikia huwa nawacheka sana nikisoma barua zao, leo nimeshika kalamu mwenyewe na sina wa kumcheka.

Mke wangu, Eliaichi, yuko Dodoma tangu mwezi wa pili, amekwenda kumlea binti yetu Irine aliyejifungua, nami nimebaki na kuku sita. Mshauri, nyumba ya mtu mmoja ina kelele za ajabu, nasikia bati linavyopoa jioni, nasikia friji inavyojizima, makande nikipika bado napimia ya watu wawili, nakula siku tatu mpaka yanachacha, na kuna siku niligundua ni saa kumi alasiri na sijatamka neno tangu nimeamka, nikawasalimia kuku ili nijue kama sauti bado ipo. Nadhani Irine alinisikia kwenye simu nilivyokuwa, akanitumia flashi kwa basi, ndani ameweka ile tamthilia ya zamani ya mambo ya angani, sizoni ya pili yote, sehemu ishirini na mbili, ileile tuliyokuwa tukiangalia kijijini Kisiwani yeye akiwa mdogo, ila safari hii ina maandishi ya Kiswahili chini. Akasema, baba, itakuchangamsha mpaka mama arudi.

Nikueleze habari za Kisiwani ili unielewe. Mwaka 1998 nilikuwa fundi wa pampu na jenereta kwenye shamba moja la mkonge, na msimamizi wetu mzungu alipoondoka aliniachia televisheni, deki na boksi la kanda, zote za sizoni hiyo moja. Kila Jumamosi saa tisa tunawasha jenereta, sebule inajaa majirani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimefika kidato cha nne, kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Tuliiita Chombo tu, maana ni watu wanaoishi kwenye chombo kikubwa angani, miaka mia tatu ijayo, wanatafuta pa kukaa. Nilikuwa naelewa nusu, nusu nyingine naitunga, nahodha nilimfanya aongee kwa madaha kama mzee wetu wa kugawa maji, watu wakifurahi kweli, na mke wangu alikuwa akinitazama mimi kuliko televisheni. Sasa nasoma chini naona nahodha anaongea habari za mafuta na vipimo mwanzo mpaka mwisho, maneno matamu yote yalikuwa yangu. Nilicheka peke yangu, nikatamani awepo nimwonyeshe.

Shida ni sehemu ya kumi na nne. Mwaka ule Elinaza, kaka yake mke wangu, alituma neno kutoka Mbaga mlimani kupitia mama mmoja muuza ndizi, kwamba mama yao ameanguka, hata uji haunywi vizuri, na anamuulizia Eliaichi. Mke wangu akafunga kikapu siku ileile. Mimi nikamwambia angoje Jumatano ipite, kwa sababu Jumatano ndiyo ilikuwa zamu yetu ya maji, na kama umekaa Upareni unajua, ndiva, lile bwawa la kugawia maji, ikifunguliwa na wewe hupo shambani maji yanapita kwa jirani na unangoja wiki nzima jua likiwaka, na mimi nilikuwa na pampu ya tajiri imefunguliwa vipande vipande, na maharage yalikuwa yanatoa maua. Akangoja. Jumatano ikapita, nikamwambia angoje na inayofuata. Kikapu kilibaki mlangoni kimefungwa, nikawa nakiruka kila nikiingia na kutoka.

Jumamosi yake tukaweka kanda. Kwenye chombo kuna daktari, mwanamke, na siku hiyo anapokea ujumbe kwenye kioo kutoka duniani, ni mama yake, kikongwe, yuko kitandani. Bibi anaongea, daktari analia. Sebule nzima ikanigeukia, na mke wangu akaniuliza, "Anasemaje?" Mshauri, Kiingereza changu kilikuwa cha karakana, cha spea na oili, pamoja na maneno madogo ya nyumbani kama mama, njoo, chakula, ambayo niliyaokota kwa yule mzungu akiongea na mama yake kwa simu kila Jumapili, lakini bibi wa kwenye kanda alikuwa anasema haraka na mimi si msomi. Nikamwambia, "Anasema, mwanangu, kaa kwenye kazi yako, mimi huku nina watu wengi, usije."

Mke wangu alilia sana. Jioni akafungua kikapu, akarudisha nguo sandukuni, na maji ya Jumatano tukayapata. Kanda mbili zilizofuata kwa bahati mbaya zilikatika kwenye deki, kwa hiyo hatukujua daktari alifanya nini. Mama mkwe alifariki siku tisa baadaye. Msibani Elinaza akamwambia dada yake mbele ya watu kwamba mama alimuulizia mpaka alfajiri ile, naye akajibu kwamba mama mwenyewe angemwambia abaki kwenye kazi yake. Tangu hapo ndugu hawa wawili wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Na maneno yale ya mama wa daktari mke wangu ameishi nayo miaka yote hii, hata kanisani akimfariji mfiwa nasikia anayasema.

Sasa nimesoma Kiswahili chake. Bibi anasema, "Njoo, mwanangu, naogopa kuwa peke yangu." Ni hayo tu, anayarudia mara mbili. Na daktari anachukua chombo kidogo anarudi, sehemu tatu nzima ni safari hiyo, anamkuta mama yake hai na anamshika mkono. Nimeiangalia sizoni yote mara tatu, nikifika pale nasimamisha, narudisha nyuma, nasoma tena nikisema labda walioandika wamekosea.

Mke wangu anarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Kila akipiga simu ananiuliza nimefika wapi, na juzi akasema, "Usifike kwa daktari bila mimi, nataka nimsikie yule mama tena." Flashi nimeificha kwenye pipa la mahindi. Nafikiria niifute nimwambie imeingia virusi, au niache tu aangalie halafu niseme Kiingereza kilinishinda, jambo ambalo ni kweli, mtu halaumiwi kwa kutosoma. Naogopa ataondoka aende kwa Elinaza, nami upweke huu wa miezi michache tu umeshanitosha. Nifanyeje?

Ni mimi Hezroni, Same.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mzee Hezroni, maana umenizidi umri. Ukishaitikia, vuta kiti ukae nikuseme.

Kwanza pole. Uliponieleza habari ya kuwasalimia kuku niliiweka barua yako mezani nikaenda kusimama dirishani kidogo. Mwanamume aliyeishi na mtu karibu miaka thelathini akibaki na bati linalopoa, anastahili pole, na mimi nakupa bila kupima. Wala sikuoni mtu mbaya. Nakuona fundi mwenye pampu iliyofunguliwa, maharage yako kwenye maua, na zamu ya maji isiyomngoja mtu. Wengi tungesema kitu cha kijinga siku ile.

Sasa pole imeisha. Kaka yangu, umeniandikia kurasa tatu na ndani yake umenidanganya mara mbili. Umesema Kiingereza kilikushinda, halafu ukanitajia mwenyewe maneno uliyokuwa ukiyajua: mama, na njoo. Bibi yule alisema nini? Alisema njoo, tena mara mbili. Halafu unaniambia kanda zilikatika kwa bahati mbaya, mbili, zilezile ambazo daktari anarudi kwao, kwenye deki iliyokuwa mikononi mwa fundi. Haya. Mimi si polisi, lakini huyo unayelala naye akikaa chini akahesabu ataona ninachokiona. Ulielewa. Ulielewa pale pale, sebuleni, kabla hujafungua mdomo, na ndiyo maana kikapu kile bado unakiruka mpaka leo.

Unajua kwa nini umeangalia mara tatu? Si kwa ajili ya upweke peke yake. Unangoja yule bibi aseme maneno yako. Hatayasema, Mzee Hezroni, hata ukiangalia mara mia. Na upweke unaouogopa hautaanza mkeo akienda kwa kaka yake, ulianza Jumamosi ile, ulipopata neno ambalo huwezi kumwambia. Umekaa naye nyumba moja miaka yote ukiwa na chumba kimoja ambacho haruhusiwi kuingia, tena yeye anakitaja kwa mapenzi, anakipitisha kwa wafiwa kanisani, na wewe umekaa benchi la nyuma unasikiliza. Nakuonea huruma, lakini yeye namwonea zaidi.

Kufuta flashi sahau. Aliyeijaza ni Irine, na Irine ana macho na anajua kusoma, atamwekea mama yake nyingine kabla chai haijapoa. Na ile ya kumwacha aangalie mwenyewe ndiyo mbaya kuliko zote. Unataka mama wa watu akae kwenye kochi lake, kanga mabegani, amefurahi, halafu asome kwa macho yake kwamba yule bibi aliomba mwanawe aje, na wewe upo pembeni unajifanya umeshangaa? Usithubutu.

Fanya hivi. Alhamisi mpokee stendi, mchukulie mzigo, mwache aoge, ale, alale, ametoka mbali na mgongo umechoka kubeba mjukuu. Ijumaa asubuhi, televisheni ikiwa imezimwa, kaa mbele yake, si pembeni, umwambie: bibi alisema njoo, mimi nilielewa, nilikudanganya kwa sababu nilitaka maji. Hayo tu. Usimtajie maharage, usimtajie pampu, usimwambie ulikuwa kijana. Sababu zako anazijua, alikuwepo. Yeye akiuliza, mjibu anachouliza. Akinyamaza, nyamaza naye, na hicho ndicho kitakuwa kigumu kuliko kusema.

Halafu kuna Elinaza. Wewe unadhani kosa lako ni la chumbani, mimi nakuambia lilitoka nje siku ya msiba, mbele ya watu. Kaka mtu amekaa miaka ishirini na kitu akiamini dada yake aliitwa na mama akakataa kuja. Hakukataa. Kikapu kilikuwa kimefungwa, aliyemzuia ni wewe, kwa zamu mbili za maji na uongo mmoja. Basi mke wako akikubali, pandeni wote Mbaga, na ukifika ukaseme hivyo kwa mdomo wako mbele ya Elinaza na ndugu watakaokuwepo, na kaburini pia ukaseme, mama mkwe naye alikuwa na haki ya kujua kwa nini binti yake hakutokea. Si kazi ya mkeo kukusemea.

Akitaka kukaa huko kwa kaka yake, mwezi au miwili, mbebee begi mpaka kwenye gari na urudi nyumbani kwako. Usitume wazee wa kanisa, usitume Irine, usipige simu usiku ukisema kifua kinakubana. Ana miaka mingi ya kumlilia mama yake upya, na safari hii analia vizuri, bila dawa ya uongo. Wewe pika makande yako, punguza kipimo, au mpigie jirani hodi mle wote. Upweke wa mtu aliyesema kweli una mlango, jirani anaweza kuingia. Huo ulio nao sasa hauna.

Je, atakusamehe? Sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya. Ninachojua ni kwamba huyu ni mwanamke aliyekuwa akikutazama wewe kuliko televisheni, na mtu wa namna hiyo huenda alishaona kitu usoni mwako siku ileile akaamua kukuamini. Hilo naona ndilo litakalomuuma, na ndilo hilo hilo linaloweza kumrudisha.

Jambo la mwisho. Jina lako na la mkeo nimeyabadilisha, na kijiji nimekisogeza. Lakini hakuna maneno niliyobadilisha ya yule bibi, na mwanamke aliyeyasikia akiwa na kikapu mlangoni atajijua kabla hajamaliza barua yako. Jibu hili nakutumia wewe kwanza kwa basi; gazeti lenyewe linatoka Jumapili ya wiki hiyohiyo atakayorudi, na linauzwa stendi ya Same kuanzia saa moja asubuhi. Yeye anafika Alhamisi. Nimekuachia Ijumaa na Jumamosi, Mzee Hezroni. Asiisome kwangu kabla hajaisikia kwako.