Kitabu Kipya Chenye Jina Langu

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumapili, 15 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Habari za huko? Wifi anaendeleaje na mgongo wake? Huku hatujambo, isipokuwa shemeji yako na kikohozi chake kisichosikia dawa. Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma, kwa hiyo uniwie radhi.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Umefurahi kuona nimetoa kitabu kipya cha kuandika programu za kompyuta, ukamnunulia binti yako, Chiriku wetu, aanzie masomo. Halafu unaniambia mtoto anataka kuacha chuo. Anachapa mifano ya kitabu cha shangazi, kompyuta inamkatalia, anafuta, anarudia, analia. Anasema shangazi hawezi kukosea, basi mjinga ni yeye.

Ndugu yangu, kitabu kile sikukiandika. Hata neno moja!

Unakumbuka kile cha kwanza kilivyonitoa jasho. Mpanga kurasa wa kampuni ya uchapishaji alikuwa akiniletea karatasi zilizochapwa, tunakaa meza moja, tunachapa kila mfano upya kwenye kompyuta kwa vidole. Kunakili kutoka kwenye faili ilikuwa marufuku, maana msomaji hana faili, ana karatasi tu. Mfano ukigoma, ukurasa hauondoki mezani. Siku moja mstari mrefu ulikatwa na ukingo wa ukurasa, mfano ukagoma, tukashinda tunatafuta ubaya uko wapi. Tulipouona tulicheka mpaka machozi.

Sasa meneja mpya wa kampuni anasema vitabu hivi havinunuliwi, watu wanauliza mashine ya akili bandia na kujibiwa papo hapo. Hapo hakudanganya, hata mimi huiuliza. Lakini badala ya kufunga duka kiungwana, kaiambia mashine hiyohiyo iandike kitabu, akabandika jina langu juu, eti mkataba unamruhusu. Mpanga kurasa kaachishwa kazi. Meza yetu inawekewa birika la chai. Nilipouliza nani amejaribu mifano, meneja alinishangaa, akasema mbona inapendeza kuitazama. Loo! Kama ni mapambo, si wangechora maua?

Jana nilichapa mfano wa sura ya pili ya hicho kitabu kipya. Ukagoma. Nilipochunguza, nikaona unatumia kitu ambacho hakijatengenezwa popote kitabuni. Hata mimi ulinihangaisha, na mimi ndiye eti mwandishi!

Nimewaandikia waondoe jina langu. Hawajajibu, na sidhani watajibu, watu wale hawana haya. Potelea mbali. Mtoto ndiye wa kushughulikia. Namtumia nakala yangu ya zamani, ile yenye madoa ya wino na alama za vema za mpanga kurasa kando ya kila mfano. Baadhi ya mambo yamepitwa na wakati, kwa hiyo nimechapa upya sura za mwanzo na kusahihisha kwa penseli. Mifano yake yote inakubali.

Mfikishie salamu wifi, mama mdogo, na wale mapacha watundu. Mungu awape afya na awafungulie njia.

Ila kabla ya salamu zote, mwite Chiriku umsomee hapa: Mwanangu, vidole vyako havikukosea. Uliliamini jina la shangazi yako, na jina hilo ndilo lililokuponza.

Wako akupendaye,
Dada yako.